Mgongo Wako Haukutoka Mahali Pake: Kazi ya Mikono Yetu na Mipaka Yake

Mteja anayefika katika kliniki yetu kwa mara ya kwanza huwa ameshaupa ugonjwa wake jina. Mgongo "umetoka", kiuno "kimechomoka", pingili "zimesagika", na anachoomba ni mkono utakaourudisha mfupa mahali pake kwa mlio mmoja mkubwa, kama alivyoona kwenye video za simu. Hatumlaumu, kwa kuwa hata fani yetu ya kairopraktiki, yaani tiba ya mgongo na viungo kwa mikono, ilianza kwa simulizi la namna hiyo. Mwaka 1895, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa nchini Marekani, Daniel David Palmer, aliyekuwa akitibu watu kwa sumaku, alimsukuma pingili ya mgongo mfanyakazi wa usafi aitwaye Harvey Lillard, ambaye masikio yake yalikuwa mazito, kisha akatangaza kwamba usikivu wake umerejea. Kutoka hapo Palmer alijenga fundisho kwamba karibu magonjwa yote hutokana na pingili zilizohama. Jina la kairopraktiki, lenye asili ya maneno ya Kigiriki yanayohusu mkono na utendaji, limedumu. Fundisho lile halikuthibitika, na sisi hatulifuati. Anayetaka tumtibu kisukari, pumu au shinikizo la damu kwa kumsukuma mgongo tunamrudisha kwa daktari wake siku hiyo hiyo, na hatumtozi ada.

Tuanze na ule mlio, maana ndio unaopotosha wengi. Kila pingili huungana na jirani yake kwa viungo vidogo viwili vya nyuma, na ndani ya kila kiungo mna ute ambao gesi imeyeyuka ndani yake. Kiungo kinapovutwa kwa ghafla, mgandamizo ndani yake hushuka, gesi hujitenga na kufanya kiputo, na hapo mlio husikika. Ni jambo lile lile linalotokea mtu anapoalisha vidole, na ndiyo maana kidole kilichokwisha kulia hakikubali kulia tena mpaka zipite dakika kama 20. Hakuna mfupa uliokuwa nje ukarudi ndani. Pingili iliyotoka kweli mahali pake ghafla kwa kawaida ni jeraha la ajali kubwa, na mwenye nalo hulazwa hospitali, hapandi daladala kuja kwetu. Faida ya msukumo huo ni kwamba misuli iliyokaza hulegea, kiungo hupata nafuu ya kuzunguka, na mishipa ya fahamu hupunguza kwa muda ukali wa taarifa za maumivu inazozipeleka kwenye ubongo. Nafuu hiyo ni ya kweli, lakini mara nyingi ni ya muda mfupi, nasi huitumia kama nafasi ya kumfundisha mteja mazoezi ambayo asubuhi ile asingeweza kuyafanya.

Neno "kusagika" nalo lina historia yake, kwani hutoka kwenye majibu ya picha. Mapitio ya picha za watu wasiokuwa na maumivu yoyote ya mgongo, yaliyochapishwa mwaka 2015, yalikuta dalili za kuchakaa kwa diski, yaani vile vijito laini vilivyo kati ya pingili, katika asilimia 37 ya watu wa miaka 20 na asilimia 96 ya watu wa miaka 80. Kwa maneno mengine, diski huota mvi kama nywele, na mtu anaweza kuishi nazo bila kujua. Tumeshapokea wateja walioacha kuinama, kubeba watoto wao na hata kwenda shambani kwa sababu ya mstari mmoja ulioandikwa chini ya picha, wakati maumivu yaliyowaleta yalikuwa ya misuli na yangeisha ndani ya wiki chache.

Hata hivyo, yapo maumivu ambayo mkono wetu haupaswi kuyagusa, na kazi kubwa ya siku ya kwanza ni kuyatafuta hayo. Fundi seremala mmoja wa makamo alikuja akilalamikia maumivu ya katikati ya mgongo yaliyomsumbua kwa miezi mitatu. Alikuwa na haraka, ameacha kazi ya watu, akataka asukumwe aondoke. Alipofungua mkanda wa suruali ili alale kitandani, tuliona matundu mawili mapya yaliyotobolewa kwa msumari, kingo zake bado zikiwa na nyuzi za ngozi. Tukamuuliza kama amepungua mwili. Akacheka, akasema ni maisha. Tukamuuliza kuhusu usiku, akakiri kwamba shuka hulowa jasho na maumivu hayampi usingizi hata akigeuka vipi. Hatukumsukuma. Tulimwandikia barua ya rufaa, akaondoka amekasirika, na hospitali ikagundua kwamba ana kifua kikuu cha uti wa mgongo. Msukumo mmoja kwenye mfupa ulioliwa na ugonjwa ungeweza kumpoozesha.

Kwa sababu hiyo, usishangae tukikuuliza mambo yanayoonekana kuwa mbali na kiuno chako: homa, saratani ya zamani, matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi, ajali, na hata haja ndogo. Mtu ambaye maumivu ya kiuno yamemjia pamoja na ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, au ambaye ghafla hawezi kuuzuia au kuutoa mkojo, asipange miadi kwetu wala kwa mchuaji. Aende hospitali yenye idara ya dharura saa hiyo hiyo, kwa kuwa mishipa ya fahamu iliyobanwa namna hiyo haisubiri kesho. Vivyo hivyo kwa shingo: maumivu makali ya ghafla ambayo hujawahi kuyapata, yakiambatana na kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili au ulimi kuwa mzito, yanaweza kuwa dalili ya mshipa wa damu uliochanika. Kuzungushwa shingo kwa nguvu kumewahi kuhusishwa na madhara ya aina hiyo. Ni nadra, lakini ni makubwa kiasi kwamba tunakueleza kabla ya kukugusa, nawe una haki ya kukataa.

Baada ya maswali hufuata vipimo vya mikono: kinyundo cha goti, kuinua mguu ulionyooka, kutembea kwa visigino, kusukuma kidole gumba cha mguu kuona kama kina nguvu sawa na mwenzake. Wengi hupita hapa salama, nao ndio wenye maumivu ya kila siku, yanayotokana na namna mtu anavyopata riziki. Dereva wa bodaboda huketi kwa muda wa saa kumi na mbili akiwa na pochi nene upande mmoja wa makalio. Mama lishe mmoja tuliyemhudumia alikuwa akiinamia majiko matatu yaliyokaa chini, na baada ya kumchua mara mbili tulimwomba apandishe majiko juu ya matofali, manne kila upande. Alirudi wiki iliyofuata kutuambia kwamba matofali yamemsaidia kuliko sisi, na tunadhani alisema kweli.

Kwa maumivu ya kiuno yaliyozidi miezi mitatu, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mnamo Desemba 2023, ambao unataja elimu kwa mgonjwa, mazoezi, uchuaji na tiba ya kusukuma uti wa mgongo miongoni mwa mambo yanayoweza kutolewa, na unashauri dhidi ya mikanda ya kiuno na mashine za kuvuta mgongo kama tiba ya kawaida. Tunalitaja la mikanda kwa makusudi, kwa sababu wengi hufika wakiwa wameshainunua, wameivaa mwezi mzima, na misuli imezoea kukaa bila kazi. Kulala kitandani siku nyingi nako hakusaidii. Tembea, hata kama ni mpaka kwenye kona ya mtaa na kurudi.

Kwa wanamichezo tunaomba radhi mapema, kwani wengi wao hutaka jambo la haraka na sisi hatuna. Anayeteguka enka Jumapili jioni uwanjani huwa ameshapuliziwa dawa ya baridi, ameshavutwa mguu na wenzake, na pengine ameshachuliwa kwa mafuta ya moto kabla hajafika nyumbani, na kule kuvutwa na kuchuliwa huweza kuongeza uvimbe. Jeraha bichi halichuliwi. Kama hawezi kutembea hatua nne, au anaumia anapobonyezwa kwenye mfupa wa fundo la mguu upande wa nyuma, apigwe eksirei kwanza ili tujue kama mfupa umevunjika. Mfupa ukiwa mzima, tiba iliyobaki ni mguu kurudishiwa nguvu na mizani: kusimama kwa mguu mmoja wakati wa kupiga mswaki, kisha macho yakiwa yamefumbwa, kisha juu ya mto. Tiba hiyo haipendezi kwenye video, lakini enka isiyofundishwa upya kusimama huteguka tena. Aliyechanika nyama za paja naye tunamzuia kujinyoosha kwa nguvu katika siku za mwanzo, halafu tunampa mazoezi ya kuubebesha msuli uzito hatua kwa hatua, na hatumruhusu kucheza kwa sababu tu maumivu yameisha. Tunataka kwanza akimbie kwa kasi yake yote, asimame ghafla na kugeuka bila kujihami.

Wajawazito ndio tunaowahudumia kwa tahadhari kubwa kuliko wote. Mimba inapokua, uzito husogea mbele, tao la kiuno huongezeka, na homoni za ujauzito hulegeza kano zinazoshika nyonga. Matokeo yake ni maumivu juu kidogo ya makalio, au mbele kwenye mfupa wa kinena, yanayochoma mama anapogeuka kitandani, anapopanda ngazi au anaponyanyua mguu kuingia kwenye daladala. Sisi humlaza ubavu, tukiweka mito chini ya tumbo na katikati ya magoti, na tunatumia mikandamizo ya taratibu bila misokoto ya nguvu. Hatugusi tumbo, na hatudai kwamba tunaweza kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya. Hilo ni la daktari wa uzazi.

Mengine ni ya nyumbani. Ugeukapo kitandani, bana magoti pamoja ugeuke mwili mzima kwa wakati mmoja. Vaa nguo ya ndani ukiwa umeketi. Mkanda wa nyonga, unaokaa chini ya tumbo na ambao si ule wa kiuno tuliousema, huwasaidia baadhi ya wanawake kutembea. Jambo moja tunalisisitiza zaidi ya yote: diklofenaki na ibuprofeni, ambazo huuzwa dukani kama pipi, hazifai kutumiwa na mjamzito bila daktari, hasa kuanzia wiki ya 20, kwa sababu zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Na maumivu ya kiuno yanayokuja na kuondoka kwa mpangilio, au yanayoambatana na damu, homa, mkojo kuchoma, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, au mtoto kupunguza kucheza, hayatuhusu sisi. Yanahusu wodi ya wazazi, bila kuchelewa.

Hatuuzi tiketi za mwaka. Kwa kawaida tunakubaliana na mteja mahudhurio manne hadi sita, kisha tunapima tena kwa kitu alichotaka mwenyewe tangu mwanzo: kubeba ndoo, kukaa ibadani hadi mwisho, kumaliza kipindi cha kwanza cha mpira. Kama hakuna kilichobadilika, tunaacha na kumwelekeza kwingine. Siku ya miadi njoo na bukta au suruali laini, orodha ya dawa unazotumia, na kadi ya kliniki kama una mimba. Picha ulizokwisha kupiga zilete zote. Ambazo hujapiga, usizilipie kabla hatujaonana.