Homa ya ini B: kwa nini tunakuita tena

Wiki haipiti bila mteja kutuuliza mapokezi: "Si mlishanipima mkasema ninacho? Sasa hizi pesa nyingine za nini?" Mmoja aliondoka akituita wezi, tena mbele ya watu. Basi tujibu.

Kipimo cha haraka cha HBsAg (protini ya ganda la kirusi cha homa ya ini B) hujibu swali moja tu: kirusi kipo au hakipo. Hakisemi kimekaa tangu lini wala ini limefikia wapi. Kikizidi miezi 6 bado kinaonekana, maambukizi ni sugu, na hapo kazi ndiyo inaanza: ALT (kimeng'enya kinachovuja damuni ini likiumia), chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda), wingi wa virusi kwenye damu. Hicho cha mwisho ndicho kinacholalamikiwa bei. Kinatafuta DNA ya kirusi, seramu (majimaji ya damu bila chembe zake) lazima itenganishwe mapema na kutunzwa kwenye baridi, na kila mashine inapowashwa tunapitisha pia sampuli za udhibiti, yaani zenye majibu yanayojulikana za kuhakiki kipimo, ambazo hakuna mteja anayezilipia. Punguzo hapo hatuna.

Wabanaji wa matumizi hupima ALT peke yake, ikitoka nzuri wanapotea. Tulikuwa na mzee wa namna hiyo. Aliporejea, tumbo lilikuwa limejaa maji. ALT inaweza kusoma kawaida huku ini likiota makovu. Tena kwa kirusi hiki saratani haisubiri makovu kila mara, ndiyo maana daktari humwandikia mgonjwa aliye hatarini ultrasaundi kila miezi 6, mara nyingi pamoja na AFP, protini ya damu inayoweza kupanda kukiwa na saratani ya ini. Figo nazo huguswa: kijana mmoja alikuja kwa ajili ya miguu kuvimba, mkojo umejaa protini, ini hata halikuwa mawazoni mwake.

Wengine hukimbilia chanjo bila kupima. Chanjo humkinga asiye na kirusi, aliyenacho haimtibu. Dada mmoja alimaliza dozi 3, akajiona salama, kisha tukakikuta alipokuwa mjamzito. Yaelekea alikuwa nacho tangu utotoni, maana panapoenea ugonjwa huu wengi huambukizwa wakizaliwa au wakiwa wadogo. Kati ya wachanga 10 wanaoambukizwa, takriban 9 hubaki nacho. Watu wazima ni chini ya 5 kwa 100. Kwa kuwa ilijulikana mapema, mtoto wake alichanjwa ndani ya saa 24 za kwanza.

Ukija, leta majibu yako ya zamani, hata kama si yetu. Yakiwa na tarehe, huenda tukakuondolea kipimo kimoja kwenye bili.