Barua kwa mwanangu: ondoa jina la baba yako kwenye zile beji

Mwanangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Sisi huku hatujambo, isipokuwa goti la bibi yako, ambalo mvua zikianza nalo linaanza. Nimeandika kwa mkono, mdogo wako atapiga picha kurasa akutumie. Kwenye simu kila nikigusa jambo hili unaniambia, "Mama, niko kazini," na ukitoka kazini huku kwetu ni alfajiri, naandaa chai.

Mdogo wako ameniambia. Usimgombeze, hakukusudia. Alikuwa ananionyesha picha za vazi ulilolishona mwaka jana la kuvaa Comic-Con, ule mkusanyiko wa wapenzi wa vikatuni huko San Diego, yale mabega ya sponji uliyoyapaka rangi yakawa kama chuma, na mimi nilikuwa nafurahi, nasema mshono wa kwapa huu ni wangu, mtoto ameuchukua kwangu. Ndipo akateleza: "Na mwaka huu kaka amepata beji tatu za kuingilia." Nikamuuliza tatu za nini, mtu ana shingo moja. Akanyamaza. Nikamkazia macho mpaka akasema yote. Kwamba ulifungua akaunti sita za uanachama: yako, yake, ya mjomba wako, za shangazi zako wawili, na ya marehemu baba yako. Kwamba katika sita zilitoka tatu: yako, ya mjomba na ya baba yako. Kwamba ya mjomba imeshapata mtu kwa dola 900, na ya baba yako unaishikilia mpaka Julai ikaribie bei ipande.

Mwanangu, liondoe jina la baba yako huko.

Tarehe yake ya kuzaliwa nilikupa mwenyewe. Uliponiuliza nilidhani ni mambo ya karatasi zako za uhamiaji, nikaenda kufungua sanduku, nikakusomea kutoka kwenye cheti chake cha ubatizo, neno kwa neno, na namba ya kitabu cha parokia nikakutajia. Ningekuuliza ni ya nini. Sikuuliza.

Usidhani naongea jambo nisilolijua. Binti wa jirani, yule anayesoma sheria pale Mlimani, amekaa nami barazani Jumapili mbili akinisomea habari za hiyo Comic-Con. Nimejua ilianza hapo hapo San Diego mwaka 1970, watu kama 300 katika hoteli ya U.S. Grant, na leo wanaingia zaidi ya 130,000. Nimejua kuna ukumbi mmoja, Hall H, wenye viti kama 6,500, na watu wanalala nje usiku kucha ili wapate kuingia. Na nimejua jambo ambalo hukuwahi kuniambia: waandaaji ni shirika lisilogawana faida. Wangetaka, wangepandisha bei mpaka wabaki wenye nazo tu. Wao wakaweka chumba cha kusubiri mtandaoni, kila mtu na akaunti yake moja, halafu kompyuta inawachagua bila kujua nani daktari na nani anaosha vyombo hotelini. Katika foleni ile mtoto wa tajiri ana nafasi moja na mtoto wa kuli ana nafasi moja. Wewe ulikuwa na sita.

Ulimwambia mdogo wako kwamba hujamlazimisha mtu, kwamba bei inapangwa na soko, na anayenunua ananunua kwa hiari yake. Maneno hayo niliyasikia miaka kumi na mmoja nikiwa karani wa tiketi, dirishani kwenye kituo cha mabasi Ubungo.

Sijawahi kukueleza kazi ile ilivyokuwa hasa, nawe hukuwa na umri wa kuelezwa. Watu wa Kilimanjaro, kama unavyojua, Desemba ikifika katikati wote wanataka kuwa nyumbani kwa Krismasi. Sasa karani anafungua daftari la abiria asubuhi, na viti kumi vya mbele tayari vina majina. Majina ya watu wasiosafiri. Abiria hewa. Mtu anakuja dirishani na nauli yake, anaambiwa pamejaa. Anageuka, hatua tatu anakutana na mpiga debe: "Dada, Moshi? Kiti kipo." Kipo kwa nauli mara mbili. Jioni karani anafuta jina la abiria hewa kwa raba, anaandika la aliyelipa, na kesho yake anapewa chake kimekunjwa ndani ya gazeti. Ndiyo maana kwenye daftari zile tuliandika kwa penseli. Ukimuuliza mpiga debe, naye alikuwa anasema hajamlazimisha mtu.

Mwaka mmoja alikuja msichana, mwanafunzi wa bweni kwa kumtazama, na begi la turubai. Nauli yake alikuwa ameifunga kwenye pindo la khanga. Akafungua fundo pale dirishani, akahesabu noti, na zilikuwa kamili, nauli ile ile iliyopangwa na serikali, hapakuzidi hata ya maji. Akaambiwa pamejaa. Kesho yake akarudi, akafungua fundo tena, akahesabu tena. Pamejaa. Siku ya tatu nilipofika asubuhi nilimkuta amelala kwenye benchi la zege, kichwa juu ya begi, mkono mmoja umeshika lile pindo la khanga. Nilifungua dirisha. Viti viwili vya karibu na dereva vilikuwa vitupu, vina majina tu.

Sijui alifikaje kwao, wala kama alifika kabla ya Krismasi.

Utaniambia, Mama, hiyo ni safari ya nyumbani, haya ni mambo ya starehe, mtu akikosa Comic-Con hafi. Kweli hafi. Lakini wewe mwenyewe unajua mtu anayeipenda anaisubiri vipi, na mwaka ule ulipokosa unajua ulivyokuwa, sihitaji kukukumbusha. Katika zile picha kuna moja mtoto mdogo amekushika kidole, amekuinulia uso, ameamini kabisa kwamba wewe ndiye yule wa kwenye vikatuni. Nimeikuza kwenye simu nikamtazama mtoto yule sana. Mzazi wake alipitia foleni ile ile. Kama aliyemtangulia angekuwa na majina sita, mtoto yule angekuwa nyumbani. Wangapi wako nyumbani mwaka huu kwa ajili ya baba yako, ambaye hawezi kwenda?

Sisi tuliokua wakati wa uhaba, neno mlanguzi si neno jepesi. Mwaka 1983 marehemu Sokoine, waziri mkuu, alipowafungulia walanguzi msako, watu waliamka usiku wakatupa sukari na sabuni porini na mitoni, mali yao wenyewe waliyoinunua kwa pesa, kwa kuogopa kuitwa hivyo. Msako ule ulionea na wengine wasio na hatia, nalisema hilo. Ila neno lilibaki. Kulangua ni kuchukua kisicho na haja kwako ili mwenye haja aje akupigie magoti.

Na sheria je? Binti wa jirani alinisomea taratibu. Beji zile hazihamishwi kwa mtu mwingine. Zina jina, zina chipu ndani inayosomwa mlangoni mtu akiingia na akitoka, na mwenye kuvaa anaweza kuulizwa kitambulisho. Sasa huyo aliyetoa dola 900 akizuiwa mlangoni utamwambiaje? Na ulimwambia mdogo wako kwamba mtakutana pale pale kwenye jengo la mikutano umkabidhi. Sheria ya jinai ya California, jimbo la hiyo San Diego, inamkataza mtu aliyenunua tiketi ili ailangue kuiuza eneo la tukio kwa bei iliyozidi, bila ruhusa ya maandishi ya wenye tukio. Marekani nzima wana sheria ya tangu Desemba 2016 dhidi ya wanaotumia programu za roboti kukwepa ukomo wa kununua tiketi, na Januari 2021 mawakala watatu wa New York walihukumiwa adhabu ya zaidi ya dola milioni 31. Japani tangu Juni 2019 anayefanya biashara ya kulangua tiketi zenye majina anaweza kufungwa mwaka mmoja. Utasema wewe hutumii roboti, unatumia vidole vyako, na ni beji mbili tu. Mwanangu, wewe ni mgeni katika nchi ya watu. Mwenyeji akikosea analipa faini anakwenda kula. Wewe kosa dogo linafuatana na faili lako mpaka siku ya kuomba uraia.

Lakini si hilo linaloninyima usingizi. Ninapolala namwona mtu nisiyemjua, mrefu, ana kofia, anatembea siku nne katika ule umati amening'iniza kifuani jina la baba yako. Anakula nalo, anapiga nalo picha, akiulizwa anaitikia. Halafu Jumapili jioni analitupa kwenye pipa la taka.

Baba yako alifundisha miaka ishirini na tisa na hakuwahi kumuuzia mzazi nafasi ya darasa. Wazazi walikuja na mbuzi, akawarudisha na mbuzi wao. Tulikuwa tunagombana kwa ajili hiyo, nikimwambia watoto wako watakula huo uadilifu? Na ada yako ya kidato cha kwanza, ambayo hukuwahi kujua ilipatikanaje Januari ile wakati mshahara wake ulikuwa umechelewa, ilikuwa imekunjwa kwenye gazeti. Nilimwambia nimekopa kwenye chama cha akina mama. Aliniangalia, akasema ahsante, akaenda kukulipia. Mpaka anaingia kaburini hakuniuliza.

Kwa hiyo naelewa ulikoliona jambo hili, hata kama hukuliona kwa macho.

Fanya hivi. Ya mjomba, mrudishie huyo mtu pesa zake zote, na umwombe radhi. Kisha beji zote mbili, kama dirisha la kuzirudisha kwa waandaaji bado liko wazi, zirudishe waziuze kwa foleni yao. Kama limefungwa, ziache zife, usimpe mtu hata bure kwa jina lisilo lake. Yako nenda nayo, vaa vazi lako, piga picha nyingi, nitumie na za mgongoni nione ulivyofunga zipu. Akaunti za mdogo wako na shangazi zako zifunge. Ya baba yako ifunge kwanza, kabla ya zote, hata leo kabla hujala.

Ukitaka pesa ya kupumulia kaa chini uchore. Ulisema kule kuna eneo wasanii wanakaa na meza zao wakiuza michoro yao wenyewe. Hilo ni jambo la mtoto wangu. Mchoro ule wa bibi yako akichambua mchele bado uko ukutani, fundi wa umeme juzi aliusimamia akasahau na kazi.

Sasa mambo ya nyumbani. Mita ya maji wamebadilisha, bili imekuja kubwa, nimekwenda kulalamika wakaniambia nisubiri msomaji aje tena. Muembe wa nyuma tumekata tawi lililokuwa linagusa waya. Bibi yako amekataa kuhamia chumba cha mbele, anasema kile si chake, basi tumevuta kitanda kutoka kwenye kona na ndoo iko pale bati linapovuja. Usiku namsikia anaamka kuimwaga. Amesema umpigie Jumapili baada ya misa, wewe, si ujumbe.

Mabati ya geji 28 yapo dukani, nimelipia nusu kwa pesa zangu za cherehani. Ile pesa uliyotuma mwezi wa tatu sijaigusa, iko kwenye simu. Fundi alikuwa aje Jumamosi na nimemwambia asije kwanza. Niandikie hiyo ilitoka kwenye mshahara wako au kwa yule mtu wa dola 900. Andika ukweli, sitagomba. Kama ni yake nitakurudishia umpe, na ndoo tutaendelea kuimwaga mpaka cherehani imalize iliyobaki.

Nami nikuandikie wangu. Kwenye lile daftari la Ubungo, siku ya kwanza kabisa, mpiga debe aliniambia nijaze jina lolote, upesi, watu wanakuja. Penseli iko mkononi na kichwa kitupu, nikaandika la baba yako. Kiti namba tatu, dirishani. Jioni nililifuta, lakini karatasi zile zilikuwa nyepesi na nilikuwa nimekandamiza, likawa linasomeka bado chini ya jina la yule aliyekaa.

Nijibu kabla beji hazijafika kwa posta.

Mimi mama yako