Shukrani kwa mwalimu aliyenikatia kadi za kufundishia kompyuta

Mwalimu, shikamoo.

Naandika kukushukuru hadharani, kwa kuwa ulikuja kusimamia mtihani katika shule ya sekondari niliyopangiwa mazoezi ya kufundisha somo la kompyuta, mkoani Morogoro, ukaondoka kabla sijakuuliza jina. Umeme ulikuwa umekatika, nami nilitakiwa kuwaeleza wanafunzi wa kidato cha kwanza jinsi kompyuta inavyohifadhi namba kwa sifuri na moja pekee. Uliomba boksi tupu, ukakata kadi tano, ukazichora nukta 16, 8, 4, 2 na 1, kisha ukawapanga wanafunzi watano mbele ya darasa kwa mfuatano huo, wenzao wakawa wanaamua nani aonyeshe nukta na nani ageuze kadi ili jumla ya nukta zinazoonekana iwe 13. Walipobaki wameonyesha wenye 8, 4 na 1, darasa zima lilisoma kwa sauti, sifuri kwa kadi iliyogeuzwa na moja kwa kadi inayoonyesha nukta: sifuri, moja, moja, sifuri, moja.

Chuoni tunafundishwa kuandaa azimio la kazi, yaani mpango wa mada za kufundisha, na andalio la somo, yaani mpango wa kila kipindi, na hayo ni ya lazima, lakini ni wewe uliyenionyesha kwamba somo hili linaweza kueleweka kabla mwanafunzi hajagusa kibodi, jambo lenye uzito mkubwa katika shule ambazo wanafunzi wengi hugawana kompyuta chache. Kadi zako ninazo bado, na nimeshawakatia wanachuo wenzangu nyingine za mfano huohuo. Mungu akuzidishie afya, Mwalimu.