Mac za kuunga ziuzwe kwa jina lake

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini niongelee hizi kompyuta za mezani ambazo huku mtaani tunaziita Mac za kuunga, wengine wanasema Hackintosh, yaani unachukua boksi la kawaida (lile watu wanaloita sipiyu), mazabodi ya kawaida (ile bodi kubwa inayobeba vyote ndani), prosesa ya Intel na kadi ya grafiki, alafu unaiwekea macOS, mfumo ambao Apple wameutengenezea mashine zao wenyewe na hiyo yako hawaitambui wala hawana mpango nayo. Mimi ni fundi, hizi mashine nazifunga na nazifungua, kwahiyo sisemi watu waache. Ninachosema ni kwamba kujiungia ya kwako nyumbani ni jambo moja na kumuuzia mtu anayekula kupitia hiyo mashine bila kumwambia kilichomo ndani ni jambo lingine kabisa, na hili la pili sasa limezidi.

Kwa wasiojua niwaeleze kidogo. Zamani Mac, yaani kompyuta za Apple, zilikuwa na prosesa za PowerPC, kuleta mfumo wake kwenye kompyuta yetu ya kawaida ilikuwa ndoto. Juni 2005 Steve Jobs, mkuu wa Apple, akatangaza kwamba wanahamia Intel, na Januari 2006 Mac za kwanza za Intel zikatoka. Kuanzia hapo ukifungua iMac na ukifungua Dell vya ndani karibu vinafanana, kilichobaki ni mlinzi mlangoni tu. Mlinzi mwenyewe ni chip inaitwa SMC, macOS ikiwaka inaiuliza neno la siri, isipojibiwa haisogei. Na hilo neno la siri lilishajulikana kitambo, ni kashairi kafupi ka Kiingereza kanamwomba mtu kwa upole asiibe jasho la watu, mi kila nikikakuta nacheka. Wajanja wakaandika softwea inayojifanya hiyo chip, na tangu 2019 kuna OpenCore ya timu ya Acidanthera, inakaa kwenye kipande kidogo cha diski kinaitwa EFI, inaamka kabla ya mfumo na kuiambia macOS hapa upo ndani ya iMac ya 2019, endelea. Mfumo wenyewe haujaguswa ndo maana ikifungwa na mtu anayejua inatulia miaka.

Sasa shida inaanzia dukani, kwenye kuchagua vitu. Mtu akiunga kompyuta ya Windows ananunua kwanza alafu anaweka mfumo, na draiva (softwea ya kuufanya mfumo ukitambue kifaa) zipo za kila kitu. Huku ni kinyume, unaanza na orodha ya vitu ambavyo Apple waliwahi kuviweka kwenye Mac zao au vinavyofanana navyo, ndo unaenda dukani, na hapo kadi ya grafiki ndo inazika wengi. Kijana anaona GTX 1060 kwa bei nzuri, anasema hii ina nguvu, anabeba. Hizo kadi za Nvidia za kizazi hicho mwisho wake ni toleo la macOS linaloitwa High Sierra la 2017, toleo la Mojave lilipotoka 2018 draiva hazikuja tena mpaka leo, na GTX 1650 au RTX yoyote ile haijawahi kuwa na draiva ya macOS hata siku moja. Kwahiyo ni AMD tu, na hata AMD nako kuna mitego. RX 570 na RX 580 zinawaka bila maneno. RX 5700 XT inawaka ukiandika neno moja kwenye mipangilio ya OpenCore. RX 6600 ipo kwenye draiva, lakini 6500 XT na 6400 hazimo, RX 7000 zote hazimo, na 6700 XT ambayo ukiitazama kwa namba ungesema lazima itakuwemo maana 6600 imo na 6800 imo, nayo hamna! Alafu kuna RX 550, hii ndo balaa, maana zipo za aina mbili ndani ya jina moja, yenye chip ya Baffin inakubali na yenye chip ya Lexa inagoma mpaka uidanganye, na kwenye boksi ya dukani hakuna mahali wamekuandikia ni ipi. Ukimuuliza muuzaji anakwambia zote ni RX 550 bosi wangu.

Prosesa nayo ni hivyo hivyo. Intel wa kizazi cha nane, cha tisa na cha kumi wapo sawa, na grafiki yao ya ndani ile UHD 630 inafanya kazi bila hata kuongeza kadi. Kuanzia cha kumi na moja grafiki ya ndani haifanyi kazi kabisa, lazima uwe na kadi ya pembeni. Ryzen inawezekana ila unakwenda kwa viraka kwenye keneli (kiini cha mfumo) na baadhi ya programu zinakuletea visa.

Ndo maana mafundi wengi tunapenda zile mashine za mtumba za ofisini, Dell OptiPlex 7060 au HP EliteDesk 800 G4 zenye prosesa ya i5-8500, zinaingia nyingi, ni ndogo, hazina kelele na ndani yake karibu kila kitu kinakubalika. Karibu. Ukiifungua angalia SSD (ile diski ndogo ya kisasa), kuna Samsung moja inaitwa PM981 ambayo viwandani wanapenda kuiweka, kwenye Windows haina shida hata kidogo lakini kwenye macOS mashine inazima ghafla katikati ya kazi na kukuletea yale maandishi ya lugha kibao kwamba kompyuta imepata tatizo, mtu anabadilisha RAM, anabadilisha pawa sapulai, anasingizia umeme wa Tanesco, kumbe ni kijidude kile cha urefu wa kidole. Toa, weka SSD nyingine, imekwisha.

Kufunga kwenyewe sitaeleza kote, miongozo ipo. Unaingia bayosi (mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka) unazima Secure Boot, diski unaiweka AHCI, na kwenye hizo Dell kuna kifungo kinaitwa CFG Lock ambacho kwenye menyu hawajakiweka kwahiyo unamwambia OpenCore akizunguke. Alafu unawasha kwa ile namna inayoonyesha maandishi, skrini nyeusi, mistari myeupe inakimbia, na ikikwama ndo unasoma mstari wa mwisho. Wanaoanza wote wanaujua ule mstari unaoishia na EXITBS:START, ukikwama hapo mara nyingi ni ramani ya kumbukumbu au faili la mipangilio umekosea sehemu, siyo mashine mbovu. Kingine watu wanachoruka ni bandari za USB, macOS inakubali 15 tu kwa kila kontrola, na tundu moja la USB 3 linahesabika mbili, kwahiyo usipozipanga mwenyewe unakuta kibodi inakubali ila kamera haionekani. Fundi mvivu anaacha hivyo hivyo, mteja akiuliza anaambiwa matundu ya nyuma usitumie.

Na hapa ndo nafika kwenye lililonifanya niandike. Kuna mteja alikuja na mashine yake, yeye anaediti vidio za harusi, alinunua kwa mtu flani akaambiwa ni Mac Pro imebadilishwa boksi tu. Imebadilishwa boksi! Ndani ilikuwa mazabodi ya Gigabyte na RX 580, fundi aliyeifunga alijua kazi yake sikatai, lakini mwenye mashine hakujua kitu, siku ikamtokea taarifa kwamba kuna toleo jipya la macOS, Sonoma, akabonyeza kama unavyobonyeza kwenye simu. Ikaapdeti vizuri tu, ikawaka, waifai haipo, AirDrop (ile ya kurusha faili kutoka iPhone) haipo, na faili zote za bwana harusi zipo kwenye simu. Kilichotokea ni kwamba Sonoma ya 2023 iliondoa draiva za kadi za waifai za Broadcom ambazo miaka yote ndo tulikuwa tunaziona za uhakika kuliko zote, sasa mpaka uweke kiraka kwa mkono na kila apdeti unarudia. Kwa mtu kama mimi hiyo ni kazi ya jioni moja. Kwa mtu ana harusi Jumamosi ni hasara, na aliyemuuzia simu hapokei.

Huyo muuzaji angesema nini? Maneno machache tu. Hii siyo ya Apple, usiapdeti bila kuniuliza, hii hapa fleshi ina nakala ya folda ya EFI, ikigoma chomeka hii iwashe. Hakuna mteja angekimbia, bei ingekuwa ile ile, au angepunguza kidogo na roho yake ikawa safi. Wengine pia wanafunga mashine kumi kwa serial namba moja waliyoikopi kwenye intaneti, wateja wanashangaa iMessage (meseji za Apple) inawakataa. Serial inatengenezwa mpya kwa kila mashine, alafu unaiangalia kwenye ukurasa wa Apple, wakikwambia hiyo namba siyo sahihi ndo nzuri, maana siyo ya mtu mwingine.

Kuna watakaosema fundi unatuharibia biashara. Sawa, basi niwakumbushe Psystar. Hawa walikuwa kampuni ya Florida, mwaka 2008 wakaanza kuuza kompyuta za kuunga zenye mfumo wa Mac, hadharani kabisa. Julai mwaka ule ule Apple wakawapeleka mahakamani, Novemba 2009 jaji akawapa Apple ushindi, Desemba wakazuiwa kuuza, wakakata rufaa na 2011 wakashindwa tena. Leseni ya macOS imeandikwa wazi kwamba inawekwa kwenye kompyuta yenye nembo ya Apple. Sidhani kama kuna mtu atakuja Tabata kumtafuta kijana aliyejiungia chumbani kwake, lakini anayeweka tangazo na kuandika Mac Pro kwenye kitu ambacho siyo Mac Pro, huyo hata Apple ukiwaweka pembeni bado kamdanganya Mtanzania mwenzake, na hiyo haihitaji leseni ya Marekani kuielewa.

Alafu kuna hili ambalo wauzaji hawalisemi kabisa, kwamba njia yenyewe inafika mwisho. Apple walitangaza Juni 2020 kwamba wanaacha Intel, chip yao wenyewe ya M1 ikatoka Novemba mwaka huo, na Juni 2025 wakasema wenyewe kwamba macOS Tahoe ndo toleo la mwisho kwa Mac za Intel. Na Tahoe yenyewe imebakisha Mac nne tu za Intel, iMac ya 2019 haimo, kwahiyo zile mashine zote zinazojifanya iMac ya 2019 inabidi zibadilishiwe kitambulisho zijifanye ya 2020 au Mac Pro ya 2019. Baada ya hapo mfumo unaofuata umeandikwa kwa chip za M peke yake, hakuna OpenCore ya kuidanganya prosesa ya Intel iwe kitu ambacho siyo. Programu hazitakufa kesho, zitaendelea kwa muda, ila mtu anayelipa pesa mpya leo ana haki ya kujua ananunua kitu chenye mwisho unaoonekana.

Na zile hesabu za zamani zimegeuka pia. Wakati Mac Pro ya 2019 inaanzia dola 5,999 bila hata skrini, mtu akiunga yake kwa robo ya hiyo pesa ulikuwa unamwelewa, ungemlaumu vipi? Sasa Mac mini ya M4 iliyotoka Novemba 2024 ilianzia dola 599 kule kwao ikiwa na RAM ya giga 16, ongeza kodi na usafiri na faida ya muuzaji wa hapa, bado ukiweka pembeni ya mashine mpya ya kuunga yenye RX 6600 sioni kwanini uhangaike. Na anayeediti vidio tu, programu ya kuediti ya DaVinci Resolve ya bure ipo kwenye Windows, hahitaji Mac ya aina yoyote.

Nani basi aunge? Yule ambaye OptiPlex anayo tayari imekaa chini ya meza. Mwanafunzi anayetaka kujifunza kutengeneza programu za iPhone, maana Xcode haipatikani nje ya macOS na laptopu ya Apple hana pesa yake. Prodyuza mwenye studio ya chumbani anayetaka kuionja Logic (programu ya Apple ya kutengeneza muziki) kabla hajajipanga. Na yule anayependa tu kuchokonoa, huyu hata ukimkataza ataunga, na atajifunza kuhusu kompyuta vitu vingi kuliko darasani.

Ombi langu kwenu Mhariri ni dogo. Kwenye yale matangazo madogo ya kurasa za nyuma, mtu akileta tangazo la Mac ya mezani mwambieni aandike jina la prosesa, jina la kadi na toleo la macOS lililomo, akikataa msimchapie. Na msomaji anayeenda kununua, kabla hujatoa hela bonyeza alama ya tufaha juu kushoto, fungua About This Mac. Ikikwambia ni iMac (ambayo skrini na mashine ni kitu kimoja) wakati mbele yako kuna boksi na skrini kila kimoja kivyake, hiyo ni ya kuunga. Ikikwambia Mac Pro, vua kifuniko cha pembeni usome jina lililochapwa kwenye mazabodi. Alafu muulize anayeuza fleshi ya EFI iko wapi. Akikupa, kaeni muongee bei.

Fundi kompyuta, Tabata, Dar es Salaam