Nargisi ya pichani si ya mwituni

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa bustani wa Jumamosi iliyopita ulikuwa na picha ya nargisi fupi za manjano, na maelezo ya chini yake yalisema ni Narcissus cyclamineus, nargisi ya mwituni ya Ureno. Kisha wasomaji walioko Ulaya wakashauriwa wazitunze kama nargisi nyingine yoyote: majani yakikauka zing'olewe, zikae kavu hadi Septemba. Picha imekosewa, lakini ushauri umekosewa zaidi, kwani atakayeufuata kwa cyclamineus yenyewe ataipoteza kabla haijachanua mara ya pili.

Kwanza picha. Kikonyo cha mbele kina maua mawili, na petali zimerudi nyuma kidogo tu, kama ukosi wa shati. Hiyo ni 'Tête-à-tête', chotara ya Alec Gray wa Cornwall, ile inayojaa madukani Uingereza kila Februari kwenye vyungu vidogo. Ina damu ya cyclamineus, ni kweli, ila haitoi mbegu na mwituni haipo. Cyclamineus halisi hubeba ua moja lililoinama, petali zote sita zimepinduka nyuma kabisa hadi zinaificha ovari, kile kifuko cha mbegu nyuma ya ua, na tarumbeta, kikombe kinachotokeza katikati ya ua, ni nyembamba, urefu wake sawa na petali au karibu. Ukiliona ua hilo utadhani linakimbia upepo. Umbo lenyewe ni la ajabu kiasi kwamba William Herbert, bingwa wa ukoo huu katika karne ya 19, alipoona mchoro wa zamani alikataa katakata kwamba mmea wa namna hiyo upo. Miaka ya 1880 ukapatikana tena karibu na Porto.

Anayetaka kuzitambua nargisi ndogo asianze na rangi. Nyingi ni za manjano, na rangi haitamwambia kitu. Achukue ua moja, alipasue kwa wembe kutoka mdomo wa tarumbeta hadi kwenye ovari, alifungue kama samaki wa ng'onda. Ndani ataona stameni, vile vijiti vyenye chavua, zimelalaje. Katika kundi la bulbocodium, lile Waingereza wanalolifananisha na gagulo, stameni zote hulala upande wa chini wa ua, halafu ncha zake zikapinda kwenda juu. Hakuna kundi jingine la nargisi lenye mpangilio huo. Kwa nje, petali ni vijiti tu na tarumbeta ndiyo ua lote. Kwenye triandrus stameni tatu hutokeza na tatu hujificha ndani ya mrija, ndiyo maana ya jina lake. Kwenye nargisi za tarumbeta, zote sita zina urefu mmoja na zimeshikana karibu na chini ya mrija.

Ukishajua kundi, tafuta spishi. Katika magagulo, cantabricus ni nyeupe na romieuxii ya milima ya Atlas ni ya manjano hafifu; zote mbili huchanua katikati ya baridi, Desemba hadi Februari, wakati bulbocodium ya kawaida inasubiri Machi. Hedraeanthus ya kusini mwa Hispania inajulikana kwa ukosefu wa kishikizo: ua limekaa moja kwa moja juu ya kikonyo, na kikonyo chenyewe ni kifupi kuliko majani. Katika tarumbeta ndogo, asturiensis imebanwa kiuno katikati ya tarumbeta, na mmea mzima mara nyingi hauzidi sentimita 10. Minor haina kiuno hicho na ni mkubwa kidogo. Kwa zile za miambani, kata jani kwa upana. La assoanus ni la kijani na karibu mviringo, kama nyasi ya ukindu mwembamba. La rupicola ni la kijivujivu na lina migongo miwili nyuma. Rupicola ina ua moja lisilo na kishikizo, calcicola ya mawe ya chokaa ya Ureno ina maua kadhaa kwa kikonyo, na watieri ya Morocco ni nyeupe tupu. Msishangae vitabu vikitofautiana majina: wapo wataalamu waliohesabu spishi 26 katika jenasi nzima, na wapo waliofika zaidi ya 60.

Tunasisitiza utambuzi kwa sababu ndio unaoamua maji. Hapo ndipo ushauri wa Jumamosi ulipoharibika.

Magagulo ya Atlas na zile za miambani zinatoka nchi yenye mvua wakati wa baridi na ukame wakati wa joto. Hizo ni sawa zikauke kuanzia Juni. Chungu kiwe na kina cha sentimita 12 au zaidi. Changanya udongo tifutifu sehemu 2, mchanga wa chembe kubwa sehemu 1 na kokoto za milimita 3 hadi 6 sehemu 1. Tunguu, ile sehemu ya nargisi iliyo kama kitunguu, liingie sentimita 5 chini, hata likiwa dogo kama njegere. Likipandwa juujuu linagawanyika vipande vingi visivyotoa maua. Katikati ya Septemba loweka chungu mara moja hadi maji yatoke chini, halafu udongo ubaki na unyevu hadi majani yageuke manjano. Kila wiki mbili tia mbolea ya nyanya, nusu ya kipimo cha kwenye chupa. Ile yenye naitrojeni nyingi huleta majani marefu yanayolala na matunguu laini yanayooza. Majani yasikatwe wala kufungwa fundo, maana tunguu la mwakani linajengwa hapo. Na kukauka si kuokwa: chungu kidogo kikiachwa kwenye jua nyuma ya kioo mwezi wa Julai, matunguu yake huiva.

Cyclamineus ni kinyume. Kwao ni kingo za vijito na mabonde yenye maji, Galicia na kaskazini mwa Ureno, kwenye udongo usio na chokaa. Tunguu lake lina ganda jembamba na hukauka upesi, ndiyo sababu yale yanayouzwa kwenye mifuko mwezi wa Septemba mara nyingi yameshakufa. Linunuliwe likiwa na majani, chunguni. Mchanganyiko wake ni mboji ya majani sehemu 2, tifutifu 1, mchanga 1. Maji ya bomba yakiwa na chokaa, kinga maji ya mvua utumie hayo. Wakati wa joto chungu kikae kivulini juu ya mchanga wenye unyevu, kisikauke hata wiki moja. Bustanini ipande chini ya miti inayopukutisha majani, mahali maji yanapita bila kutuama. Hata ikitunzwa vizuri haidumu sana, kwa hiyo mwenye nayo hupanda mbegu kila mwaka.

Mbegu ni nyeusi na zinang'aa. Vikonyo hulala chini Mei au Juni, na kibumba cha mbegu hupasuka ghafla. Ukichelewa siku moja umezikosa. Kivishe kifuko cha karatasi kikianza kupauka. Panda majira hayohayo, sentimita 1 chini, acha nje, anza kumwagilia Septemba. Wakati wa baridi litatoka jani moja jembamba ambalo wengi hulidhani ni nyasi na kuling'oa. Miche isihamishwe kwa miaka miwili. Ua la kwanza ni mwaka wa tatu hadi wa tano. Kama romieuxii na cantabricus zilichanua meza moja, msiandike jina la spishi kwenye kibao cha mbegu zake: nyuki ameshazichanganya. Anayetaka mbegu safi afunike ua kabla halijafunguka na kulichavusha mwenyewe kwa brashi.

Adui mkubwa ni Merodon equestris, inzi mnene mwenye manyoya kama nyuki. Siku za jua za Mei na Juni hutaga yai kando ya shingo ya mmea, majani yanapolala na kuacha tundu. Funza hushuka na kuingilia kwenye kitako cha tunguu, akala moyo wake. Tunguu kubwa la nargisi ya bustani huweza kuokoa kipande. La asturiensis halibakizi kitu. Zibeni tundu kwa kuparua udongo, au funikeni vyungu kwa kipande cha chandarua hadi Julai. Michirizi ya njano majanini ni virusi, na mmea huo hauna dawa. Uchomwe, uanze tena kwa mbegu, ambazo kwa kawaida hazibebi virusi hivyo.

Limebaki neno moja katika makala yenu, nalo si dogo. Mmeandika "vitunguu vya nargisi" mara saba. Lugha yetu inaruhusu, lakini msomaji akiweka "vitunguu" hivyo jikoni, mwenzake atavikaanga. Tunguu la nargisi lina laikorini, sumu inayotapisha vibaya, na kupika hakuiondoi. Ni afadhali mwandike tunguu. Dalili ya haraka ni harufu: jani la kitunguu likifikichwa linanuka kitunguu, la nargisi halinuki hivyo. Utomvu wake huwasha ngozi, basi vaeni glavu wakati wa kugawa matunguu.

Na kwa wanaofikiria kuyatia kwenye begi kwenda nyumbani: yanahitaji kibali cha kuingiza mimea, na sababu ipo. Minyoo ya shina, Ditylenchus dipsaci, inayojificha ndani ya tunguu la nargisi, ni ya jamii inayoshambulia pia vitunguu na vitunguu saumu. Isitoshe, nargisi nyingi zisipopata majuma kadhaa ya baridi hazirefushi kikonyo. Dar es Salaam au Mombasa zitatoa majani, kisha zitaoza. Aliye Tanga au Lamu anayetaka ua la ukoo huohuo anayo nyinyoro, inayotoa kichwa chake chekundu mvua zikianza, bila baridi na bila kibali. Nayo pia haipikwi.

Wasomaji wenu,
Wapenda matunguu, Bristol, Uingereza