Taarifa ya Mwaka 2024 ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wazazi

Ndugu wanachama,

Semina ya NEET, mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari vya India, ilifanyika, vijana wanaokwenda India tuliwaaga, hesabu zimekaguliwa na mweka hazina atazisoma. Mengine mnayajua. Nitasema juu ya mhuri wa chama.

Tarehe 20 Agosti serikali ya jimbo la Punjab, India, ilitangaza kwamba nafasi za Wahindi waishio ng'ambo katika vyuo vya udaktari zinaweza kuombwa hata kupitia mjomba, shangazi, babu au binamu, mradi ajiandikishe kuwa mlezi. Wiki ile wanachama 14 walinitaka niwape barua za chama, zenye mhuri, kuthibitisha kwamba ni walezi wa wapwa na binamu zao walioko Ludhiana na Jalandhar, miji ya Punjab. Niliitisha kikao. Akidi ni watu 25, walikuja 9. Basi nikakataa mwenyewe, na wanaonung'unika kwamba niliamua peke yangu waseme walikuwa wapi Jumapili ile.

Sikukataa kwa ukaidi. Mwaka 2005, katika kesi ya P.A. Inamdar, Mahakama ya Juu ya India iliruhusu hadi asilimia 15 ya nafasi hizi katika vyuo binafsi, kwa sharti kwamba ziwe za waishio ng'ambo kwa kweli, kwa ajili ya watoto wao au wale wanaowalea. Kijana anayekula na kulala kwa baba yake Ludhiana hana mlezi Dar es Salaam. Barua yangu ya 26 Agosti inayosema hivyo iko kwa katibu, aisome anayetaka. Tarehe 10 Septemba Mahakama Kuu ya Punjab na Haryana ikalifuta tangazo lile. Punjab ikakata rufaa, na tarehe 24 Mahakama ya Juu ikaitupa. Jaji Mkuu Chandrachud akauita mpango huo ulaghai, kwa kuwa wenye alama mara tatu zaidi wangekosa nafasi. Mhuri wetu ungekutwa kwenye barua zile, mwanao mwenye haki kamili angeaminiwa na nani?

Mmeniuliza pia kuhusu shilingi 1,800,000 alizolipwa wakili wa Chandigarh. Nililipa, na sijutii. Ndiye aliyetufafanulia kwamba agizo la 4 Machi 2021, linalowabana wenye kadi za OCI (raia wa nchi nyingine wenye asili ya India) kwenye nafasi za ng'ambo tu, haliwagusi waliopata kadi kabla ya siku hiyo, kufuatana na hukumu ya Februari 2023. Familia sita zilikuwa karibu kulipa ada ya ng'ambo bila sababu.

Sasa ada yetu wenyewe. Kati ya wanachama 112 wamelipa 47. Kati ya wale 14 waliotaka mhuri, waliolipa ni watatu. Linaniuma, maana chama kinakumbukwa siku ya shida tu.

Mwaka huu tunatumaini kupata ofisi, na kuanzisha mfuko wa wanafunzi, Mungu akijalia. Januari 2025 Mahakama ya Juu ya India ilifuta nafasi za masomo ya udaktari bingwa zilizotengwa kwa wakazi wa jimbo. Wenye watoto wanaomaliza MBBS, shahada ya kwanza ya udaktari, waje tulizungumze. Kikao ni Jumapili ya kwanza ya Aprili, saa nne asubuhi. Mweka hazina atakuwa mlangoni na kitabu cha stakabadhi.

Mwenyekiti