Milima Isiyo na Wenyeji

Cambridge, Uingereza

Babu yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Nakuamkia kwa heshima, wewe na Bibi na wote walioko Kibokoni. Mimi ni mzima wa afya. Hofu ni juu yenu.

Ama baada ya salamu, uliniuliza kwenye simu ni kazi gani hii ya kupanga ramani za nchi ya barafu. Wiki nzima nimeshinda na majina ya milima ya Antaktika. Wewe ulinifunza kwamba Kilindini pameitwa hivyo kwa kuwa pana kilindi, lakini huko hakuna mwenyeji hata mmoja wa kupaita mahali kwa alivyopaona, basi jina hutoka kwa mgeni aliyepita au kwenye meza ya kamati. Mwaka 1841 nahodha Mwingereza, James Clark Ross, aliona mlima ukifuka moshi katikati ya barafu, akaupa jina la merikebu yake, Erebus, na wa jirani akauita Terror, kwa merikebu ya pili. Mlima mrefu kuliko yote, wenye mita 4,892, unaitwa Vinson, kwa mbunge wa Marekani aliyeunga mkono safari za huko. Fadhila za siasa hizo, Babu, zimelipwa kwa mawe.

Kamati ya Waingereza ya kutoa majina hayo ilianza mwaka 1945, na mataifa mengine yana zao, ndiyo maana mahali pamoja huweza kuwa na majina mawili au matatu. Rasi inayoelekea Amerika ya Kusini Waingereza waliiita kwa jina la Graham na Wamarekani kwa jina la Palmer, hadi walipopatana mwaka 1964 kuiita Rasi ya Antaktika.

Jina nilipendalo ni la kilima kidogo, Betty, ambalo ramani imeliandika kwa herufi ndogo hata nikalitafuta kwa kioo cha kukuzia. Msafiri Mnorwe, Roald Amundsen, alikiita hivyo kwa mlezi wa siku nyingi wa nyumbani kwao. Aliporudi kutoka Ncha ya Kusini, Januari 1912, alirundika mawe juu yake na kuacha humo mafuta ya taa lita 17 na viberiti. Msomee Bibi hapo, maana yeye ndiye aliyenilea.

Nina ombi moja. Miamba ya mlango wa bandari, uliyokuwa ukinitajia tukivuka kwa feri ya Likoni, nimekumbuka majina matatu tu. Tafadhali mwambie Mwanaisha ayaandike yote unavyoyataja, aniletee.

Mjukuu wako,
Athmani